Mjomba, mpwa na miguu ya korongo: kisa cha koneksini 32 hapa Lamu

Hiki kisa nimekaa nacho karibu mwaka mzima kabla ya kukiandika. Nimeomba ruhusa kwa wenyewe, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo wasijulikane, ingawa Lamu yetu hii ukisema tu "fundi wa majahazi mwenye mpwa" kuna watu washaanza kuhesabu vidole. Mi ni fizio, mtu wa mazoezi ya viungo, sio daktari, lakini huku ukivaa koti jeupe ushakuwa daktari, hata ukikataa hawakusikii.

Kijana ana miaka 17, yuko sekondari, mrefu, mwembamba, mpole. Alishikwa na homa, akapimwa, malaria, akapewa dawa akarudi nyumbani. Jioni ya siku ya tatu mamake akamuita aje ale uji kabla ya magharibi, akajibu maneno mazito kama mtu mwenye tende mdomoni. Mama akadhani ni usingizi. Akampa kijiko, kikaanguka, akampa tena kikaanguka, mkono wa kulia umelegea tu kama kitambaa. Baada ya saa chache ule wa kulia ukaanza kurudi na wa kushoto nao ukalegea! Na muda wote huo akili zake timamu, anaelewa kila kitu, anawaangalia, machozi yanamtoka.

Hapo nyumba ikagawanyika. Wazee wakasema aitwe sheikh amsomee, ugonjwa gani huu unahama mkono huu kwenda huu kama mtu anayehama nyumba, dada zake wakasema hospitali sasa hivi. Wakafanya yote mawili, akasomewa huku punda anatafutwa, na mi sioni kosa lolote hapo. Hospitalini (sitaitaja) wakaandika malaria imepanda kichwani, kesho yake mwingine akafuta akaandika kiharusi akaweka alama ya kuuliza. Kiharusi kwa mtoto wa miaka 17 asiye na presha, asiye na sukari, asiye na shida ya moyo. Asubuhi ya pili anaongea vizuri, mikono yote inashika, anaulizia chai.

Ndipo wakaniita, "fizio njoo uangalie mkono." Nikaja kwa mkono nikabaki kwenye miguu.

Maana mkono ulikuwa poa kabisa. Lakini nilipomwambia ashuke kitandani atembee kidogo, niliona goti linapanda juu sana kila hatua, kama mtu anayeruka vizingiti visivyokuwepo, halafu wayo unatua sakafuni na mlio, pap, pap. Nikamwambia simama kwa visigino, ncha za vidole ziwe hewani. Hakuweza hata kidogo, miguu yote miwili. Nikaangalia wayo: upinde wake umepanda juu kama daraja, vidole vimejikunja kama makucha. Kutoka goti kushuka chini mguu mwembamba kama fimbo wakati paja liko sawa. Nikagonga na nyundo kwenye kano ya kisigino nikitafuta ule mruko, hakuna, nikarudia nikidhani nimegonga vibaya, hakuna. Champali zake zilikuwa chini ya kitanda nikaziokota, zimelika zote mbili kwa mbele, pale vidole vinapokwaruza chini, kwa nyuma bado mpya. Zile champali zilikuwa na historia ya miaka mingi na hakuna aliyezisoma.

Nikamuuliza mamake, hii miguu imekuwa hivi tangu lini? Akacheka. "Ai, hiyo ndiyo miguu yetu daktari, miguu ya korongo. Ya ubavuni kwetu. Hata mjombake anayo."

Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu kisa chote kiko kwenye hilo jibu, na yule mama alilitoa huku anakunja shuka, kwake lilikuwa jambo la kawaida kama kusema sisi ni watu warefu. Ile hospitali waliandika kurasa nne za kijana na hakuna hata mstari mmoja wa mjomba.

Kabla sijaenda kwa mjomba niseme nilichokuwa nawaza, maana sikuruka moja kwa moja kwenye jibu. Huku pwani ukiona wayo unaodondoka unawaza ukoma kwanza, upo bado, lakini ukoma mara nyingi unachagua upande na unaacha mabaka yasiyosikia na neva zilizovimba ukizipapasa nyuma ya kiwiko. Sukari nayo inaua neva, ila si kwa mtoto wa miaka 17 mwembamba hivi. Polio inaacha mguu mmoja hivi na mwingine vile. Hii yake ilikuwa sawasawa kushoto na kulia, polepole, tangu utotoni, na iko kwa ndugu. Ikikaa hivyo, jina la kwanza linalokuja ni Charcot-Marie-Tooth, na msidhani ni habari ya meno, ni majina ya madaktari watatu, Wafaransa wawili na Mwingereza mmoja, walioieleza 1886. Kwa ufupi ni neva za miguuni na mikononi zinazochakaa kwa sababu ya hitilafu ya kurithi. Ina aina nyingi sana. Na swali linaloanza kuzitenganisha unaweza kuuliza bila mashine yoyote: inapitia kwa nani?

Jumamosi nikaenda kwa mjomba. Nimemkuta chini ya makuti ubavuni mwa mashua iliyopinduliwa, ana miaka hamsini na kitu, nikamuamkia, akanikaribisha nikae kwenye gogo. Nilimuangalia anavyochonga nikasahau nilichojia. Tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, watu huishika kwa kiganja chote, gumba linafunga juu. Yeye alikuwa ameuzungushia mpini kitambaa cha tanga mpaka ukawa mnene kama mkono wa mtoto, anaushika kwa vidole vinne na gumba limelala tu pembeni halina kazi. Nikamuomba anipe mkono. Ule mnofu wa chini ya kidole gumba umenywea wote, pamebaki shimo, wakati ule wa upande wa pili, kati ya gumba na shahada, bado una nyama kiasi. Hiyo tofauti ndogo mi nilikuwa nimeisoma kwenye kitabu tu sijawahi kuiona, ni kawaida sana kwenye aina moja ya ugonjwa huu, ile inayokaa kwenye kromosomu X, moja ya yale mafungu ya jeni tunayorithi kwa wazazi.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi na mikono yangu tushazoweyana. Keekee sishiki tena, kukalafati nawaachia vijana, tezo bado tupo."

Nikamuuliza nani mwingine kwenu. Akachukua msumari akaanza kuchora kwenye vumbi la mbao. Yeye. Dadake, mama wa kijana, "huyo hana kitu, mzima." Mpwa wake, huyu tuliyemlaza. Mpwa mwingine wa miaka 12, mzima, anacheza mpira. Halafu mjomba wake yeye mwenyewe, ndugu wa mamake, marehemu sasa, aliyekuwa akiuza halua barazani na hainuki mpaka ainuliwe. Na wanao? Wanaume watatu wote wanafanya kazi hapa hapa, mmoja alikuwa juu ya mlingoti wakati tunaongea, hakuna hata mmoja mwenye miguu ya korongo. Akasema alhamdulillahi, kila mtoto wa kiume alipozaliwa niliomba dua imruke.

Sasa tazama huo mchoro. Mjomba, mpwa. Tena mjomba, mpwa. Haijawahi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana hata mara moja. Mtaani walishaona hilo zamani, wakawa na maelezo yao, kwamba kuna mkoba wa mjomba, mjomba akifa anamuachia mpwa kama vile waganga wanavyorithishana, na ndio maana ile usiku ya homa wazee walikimbilia kisomo, kwao hesabu ilikuwa inatimia. Mi nasema walikuwa wameona sawa kabisa. Waliona njia yenyewe ya urithi, kilichobaki ni nani anayebeba mkoba. Si mjomba. Ni yule dada katikati ambaye kila mtu anasema mzima.

Maana mwanamume ana X moja tu na ameipata kwa mamake, hana ya akiba. Mwanamke ana mbili. Mwanamume akizaa mwana anampa Y, kwa hiyo hawezi kumpa wanawe wa kiume hitilafu iliyo kwenye X hata akitaka. Akizaa binti anampa hiyo hiyo X moja aliyonayo, hakuna kuchagua, kila binti lazima aipate. Mwanamke mwenye X moja mbovu kila mimba ni kama kurusha shilingi. Kwetu sisi ukoo tunauhesabu kwa baba, jina kwa baba, sasa kitu kinachopita kwa mama kinatupotea machoni wakati kiko wazi kwenye vumbi la mbao.

Niliporudi nikamuomba yule mama aniruhusu nimuangalie na yeye. Akakataa kwanza, "mimi nimekuja kwa mwanangu." Halafu akakubali. Upinde wa wayo umepanda kiasi, vidole vimeanza kujikunja, kisigino hakiruki nikigonga, na akasema kwamba usiku misuli ya miguu humkaza mpaka analia na kwamba yeye tangu msichana hajawahi kuvaa viatu vya mchuchumio kwenye harusi, anajikwaa. Huyo ndiye mzima. Kila seli ya mwanamke huzima X moja kati ya mbili, kwa hiyo ndani ya neva zake seli nyingine zinatumia nzuri na nyingine mbovu, zimechanganyika kama mchele wa gredi mbili, ndio maana wanawake wengi huwa na dalili kidogo au hata hawajijui.

Jamaa wakachangishana wakaenda Mombasa. Kuvuka Mokowe, basi, siku nzima. Kule wakapima kasi ya umeme kwenye neva ya mkono wa kijana ikawa mita 34 kwa sekunde, wakati kawaida ni 50 kwenda juu. Hiyo 34 ni namba ya katikati, si ya chini sana kama aina ile nyingine iliyo ya kawaida zaidi, na wanaume wenye hii ya X wengi wanaangukia hapo hapo kati ya 30 na 40. Damu ikatumwa nje ya nchi, jibu likaja baada ya wiki kadhaa: jeni la GJB1, lile linalotengeneza protini inayoitwa koneksini 32. Protini hiyo ni mnyororo wa asidi amino 283, yaani pingili 283, kwake ya 142 ingefaa kuwa arjinini imekuwa triptofani. Kitu kimoja kati ya 283.

Sasa koneksini ni nini. Nitaeleza kama nilivyomueleza fundi, maana yeye alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa chuoni.

Unajua wikio. Zile nyumba za mawe za mjini, mbili zinatazamana kichochoro katikati, halafu juu kuna kile chumba kinachovuka kutoka nyumba hii hadi ile, ili watu wa ndani watembeleane wasishuke njiani. Seli zetu nazo zina wikio. Koneksini sita zinashikana duara kwenye ukuta wa seli zinafanya nusu ya wikio, seli jirani nayo inajenga nusu yake, nusu mbili zikikutana juu ya kichochoro mlango uko tayari, na kichochoro chenyewe kina upana wa nanomita 2 hadi 4 tu. Mlango ni mwembamba. Protini kubwa haipiti, jeni halipiti, ila chumvi chumvi, kalsiamu, sukari, ujumbe mdogo mdogo, chochote chini ya kama dalitoni elfu moja (kipimo cha uzito wa molekuli), kinapita bila kubisha hodi. Seli moja ikifa ikajaa kalsiamu milango inajifunga, kama jirani akiungua unavyoufunga wa kwako moshi usiingie. Na tofauti na zile nyumba za chokaa na boriti zinazokaa miaka mia mbili, hizi hazidumu, nusu ya koneksini hubomolewa ndani ya saa chache na mpya zinaletwa, yaani seli iko kwenye ujenzi mchana na usiku.

Binadamu tuna jeni 21 za koneksini na kila kiungo kina zake. Zinaitwa kwa namba. Moyo unatumia koneksini 43 sana ili misuli ipige pamoja. Sikio linatumia 26, na hiyo ikiharibika mtoto anazaliwa kiziwi, iligunduliwa 1997 na kwa nchi nyingi duniani ndiyo chanzo kikubwa cha uziwi wa kurithi, ila Afrika kusini ya Sahara imekuwa adimu ukitoa Ghana. Lenzi ya jicho ina 46 na 50, hizo zikiharibika ni mtoto wa jicho utotoni. Halafu kuna hili linalonifurahisha mimi mtoto wa mvuvi, kwamba umeme kupita moja kwa moja kutoka neva hadi neva kulithibitishwa 1959 na wanasayansi Furshpan na Potter kwa kutumia kamba wa maji baridi, ingawa kamba hana koneksini, ana protini za ukoo mwingine zinazofanya kazi ile ile. Haya turudi miguuni.

Neva ni waya. Huo waya umevikwa mayelini, na mayelini ni seli moja, seli ya Schwann, iliyojiviringisha kuzunguka waya mara nyingi sana, kama mkeka ulioviringishwa kwenye mlingoti. Chakula na amri zinatoka kwenye kiini cha seli ambacho kiko nje kabisa, ukingo wa mwisho wa mkeka. Sasa ule ukingo wa ndani, unaogusa mlingoti, unalishwaje? Ukifuata mkeka utazunguka, utazunguka, utazunguka, safari ndefu mno. Basi seli ya Schwann inafanya ujanja, inajijengea wikio yenyewe kwa yenyewe, kutoka tabaka hadi tabaka, ya kukata moja kwa moja kwenda ndani. Nyumba inajiunga na nyumba hiyo hiyo! Safari inafupishwa mara mamia. Hizo wikio ni za koneksini 32. Kwa kijana wetu hazijengwi vizuri, ukingo wa ndani unakaa na njaa, na baada ya miaka waya wenyewe, ambao mayelini ndiyo inayoutunza, unaanza kufa kutoka mwisho. Mwisho upi? Neva ndefu kuliko zote, ile inayotoka kiunoni hadi vidole vya mguu, karibu mita nzima. Ndio maana ni miguu kwanza, mikono baadaye.

Fundi alisikiliza yote hayo akasema, "Kumbe chombo kizima, kinachovuja ni shimo la msumari."

Utauliza, kama koneksini 32 iko na kwenye ini, mbona ini lao zima? Swali zuri na jibu lake ni jirani mwema: ini lina koneksini 26 pia, inaziba pengo.

Na ule usiku wa homa je? Hapo ndipo madaktari wengi hupotea, na mi nisingejua kama si daktari wa neva wa Mombasa aliyetueleza. Ubongo nao una seli zinazoviringisha mayelini, zinatumia koneksini 32 pamoja na 47, kwa hiyo siku za kawaida mambo yanaenda, ubongo hauna dalili. Lakini mwili ukibanwa, homa kali, kuchoka kupita kiasi, au mtu kushuka kutoka mlima mrefu, kwa baadhi ya vijana wenye hitilafu hii ile hali ya chumvi na maji kwenye sehemu nyeupe ya ubongo inavurugika kwa muda. Ulimi unakuwa mzito, mkono unalegea, unahamia upande wa pili, kumeza kunakuwa shida, baada ya saa au siku chache yote yanarudi. Picha ya MRI yake ilionyesha madoa pande zote mbili, yanalingana kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, sehemu ya nyuma. Kiharusi hakifanyi hivyo, kiharusi kinafuata mshipa wa damu ulioziba, kinaua upande wake. Picha iliyorudiwa baada ya miezi karibu yote ilikuwa imefutika. Hilo limeandikwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na bado wengi wanapewa dawa za kiharusi bure.

Nikisema ukweli kuhusu sisi tulioko kwenye kazi hii, kijana huyu alishapita kwenye mikono mingi. Alishawekewa plasta ya kifundo kilichoteguka mara tatu, mara tatu! Kila mara kilitibiwa kifundo. Mwalimu wa michezo alimuandikia kwenye ripoti kwamba ni mvivu. Mi mwenyewe, nikikumbuka vizuri, nilishawahi kupishana naye kwenye vichochoro anapiga pap pap na sikugeuka.

Dawa ya kuponya haipo. Watafiti wa Saiprasi wamekuwa wakijaribu kwa panya kupeleka jeni zima la GJB1 ndani ya neva kwa kutumia kirusi kilichofugwa, na panya wamepata nafuu, lakini panya ni panya. Tulichofanya sisi ni vitu vya mkono. Splinti za plastiki za kushika wayo usidondoke, zinaingia ndani ya kiatu, na hapo tukapigana vita kubwa maana kijana hataki viatu kwenye joto la Lamu na msikitini lazima uvue, mwishowe tukakubaliana shuleni anavaa, msikitini anavua na anashika ukuta. Mazoezi ya kunyoosha kano ya kisigino kila alfajiri kwenye ngazi ya nyumba. Kuangalia nyayo kila jioni kwa taa, kwa sababu kusikia kumepungua, na mjomba wake nilimkuta na msumari wa jahazi umeingia kwenye wayo hana habari, damu imekauka. Homa ikija, isisubiri siku ya tatu. Shule ilikuwa inapanga safari ya Mlima Kenya, kilele cha Lenana ni mita 4,985, nikaandika barua hapana. Na kwenye kadi yake nimeandika kwa wino mwekundu jina la vinkristini, dawa ya saratani, hiyo mtu mwenye Charcot-Marie-Tooth akipewa inaweza kumlaza miguu kabisa, sitaki siku moja mtu aje aseme hakujua.

Fundi alikataa splinti. Alichokubali ni mimi kumtafutia mpini mzuri zaidi wa tezo, na huo mwishowe alijichongea mwenyewe, mnene, wa mwembe, una kidimbwi cha kulaza gumba.

Majibu yalipokuja nilimpelekea mwenyewe. Nikamueleza tena habari ya X, kwamba wanawe watatu hawakurukwa kwa bahati, wasingeweza kuipata, na watoto wao pia wako salama kwa upande huo. Akashusha pumzi, akawaita pale pale wasikie, wakacheka, mmoja akaruka kwa mguu mmoja. Mi nikabaki kimya kidogo natafuta namna ya kuendelea, ila yeye mtu wa vipimo, hesabu haimpiti. Akaweka tezo chini.

"Na mabinti?"

Ana wawili. Mmoja ameolewa Pate, mmoja yuko hapa hapa. Nikamwambia wote wawili, fundi, lazima. Wenyewe huenda wasione kitu. Akauliza na watoto wao. Nikamwambia shilingi, kila mmoja na yake.

Akakaa anaangalia baharini muda mrefu, wanawe washarudi kwenye kazi. Halafu akasema yule wa hapa ana mwana wa miaka sita, na mamake analalamika kila siku, champali mpya hazimalizi mwezi, mtoto anazila mbele.

Alhamisi wanamleta. Nimemwambia aje na champali zenyewe.